Chini ya Bati Moja

Kitanda cha Mama Milcah kilimtangulia kufika Shieywe, mtaa wa Kakamega. Kilitoka kwa maseremala wa sokoni juu ya mkokoteni, kitanda cha mbao za saiprasi, kichwa chake kimechongwa maua mawili yanayotazamana, na godoro jipya lingali ndani ya nailoni yake. Phanuel alitembea kando ya mkokoteni mkono mmoja juu ya godoro, kama mtu anayesindikiza mgonjwa, na kila aliyemsalimu njiani alimwambia hata kabla ya kuulizwa, "Ni cha mama. Anakuja kukaa na sisi."

Alikuwa fundi wa taipureta, huyu Phanuel. Miaka hiyo maofisi mengi ya Kakamega yalikuwa bado yanapiga barua kwa mashine za chuma, na mashine ikikwama herufi ni yeye aliyeitwa. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utepe usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Mkewe Rachael alishona sare za shule kwenye veranda ya duka moja la vitambaa. Miaka yote walikuwa wapangaji, wakihama na masufuria yao kutoka chumba hadi chumba, wakiambiwa na wenye nyumba saa za kuzima taa na siku za kuanika nguo. Kwa hiyo walipopata nyumba ya kununua, nyumba ya mawe yenye vyumba vinne chini ya bati moja pana lililopakwa rangi ya udongo, Phanuel alikuwa akitoka nje jioni na kulitazama bati lile tu, mikono kiunoni, mpaka chakula kipoe.

Aliyewauzia ni mzee Osiako, karani aliyestaafu na kurudi kwao. Siku ya kuwapa funguo aliwazungusha kila chumba, akawaonyesha dirisha linalogoma na bomba linalolia. Mlangoni akasema, "Nyumba hii haina lawama. Ni mama yangu tu hakuwahi kulala ndani yake. Alikuwa anakujanga asubuhi, jioni anapanda gari anarudi."

Phanuel alimwonea huruma. Alidhani mzee hakusikilizana na mamake. Walipokuwa wakirudi alimwambia Rachael, "Mimi wangu atalala. Na chumba chake kitakuwa kikubwa kuliko chetu."

Rachael akaongeza mwendo. Lile alilotaka kusema halisemwi na mke wa mtu, tena barabarani.

*

Mama Milcah alikuja Jumamosi na kigoda chake cha miguu mitatu, blanketi lake, jiwe la kusagia, chungu cha mboga, na kuku jike mwekundu ndani ya kikapu, kichwa nje. Vingine vyote alikuwa amewagawia majirani wa Musanda, kwa sababu nyumba yake ya Musanda haikuwapo tena. Shamba lilikuwa limeuzwa kwa jirani mwenye miwa ili nyumba ya Shieywe ipatikane, na jirani hakungoja. Alibomoa, akalima, akapanda miwa pale ambapo kitanda cha mama kilisimama tangu alipoolewa. Kilichobaki ni kile kipande kidogo chenye kaburi la marehemu mzee, kilichozungushiwa ua wa minyaa, kwa maana kaburi la mtu haliuzwi.

Mama mwenyewe ndiye aliyesema uzeni. Phanuel alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na alikuwa amemwambia, "Mama, usiogope, nitakutengea mahali pako." Alipotamka hayo yeye aliona chumba. Mama aliposikia aliona nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, yenye mlango wake na mafiga yake, kama kila mama mjane alivyojengewa na mwanawe tangu zamani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nani huuliza kama jua litatokea upande ule ule?

Basi alipofika hakuingia ndani. Alitua kikapu, akaizunguka nyumba polepole, akipapasa ukuta kwa kiganja. Nyuma alikuta kamba ya nguo, pipa la maji, na papo hapo ua wa jirani. Maurine, mjukuu wake wa darasa la tatu, alimfuata.

"Kukhu, unatafuta nini?"

"Naangalia tu, mukhana wanje, msichana wangu."

Alizunguka tena upande wa pili. Huko ukuta ulikuwa umebanana na ukuta wa vyumba vya kupanga, hata kuku asingepita. Alirudi mbele akamkuta Phanuel amesimama mlangoni akitabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Papa," alisema mama, kwa maana ndivyo mama wa kwetu amwitavyo mwanawe anapompenda. "Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Ile... mahali pangu."

"Ingia ndani nikuonyeshe!"

Akamshika mkono, akampitisha sebuleni, akampitisha ushorobani. Pale kwenye chumba cha Phanuel na Rachael mlango ulikuwa wazi na kitanda chao kinaonekana, shuka la waridi na yote. Mama alivuta lesso yake akajifunika uso upande ule, akapita kama mtu anayepita kwenye moshi. Mlango uliofuata, hatua moja tu, ulikuwa wake.

Alisimama kizingitini. Aliona kitanda, pazia la maua, taa ya umeme. Aliinua macho akaona kwamba kuta hazikufika juu. Osiako hakuwahi kuweka dari, na bati lilikuwa moja tu, limewafunika wote kama kuku afunikavyo vifaranga. Mtu akikohoa chumba kile, anakohoa na huku.

Mama alinyoosha kidole kimoja akaigusa nailoni ya godoro.

"Kitanda kizuri," alisema. "Mungu akubariki, papa. Kizuri sana."

Lakini kikapu chake alikiacha nje.

Rachael alipika ingokho, kuku wa kwao, na ugali wa obusuma, na mrenda kwa ajili ya meno ya mama. Walikula wakacheka. Mama alisimulia jinsi mnunuzi wa shamba alivyokimbizwa na nyuki wakati wa kubomoa, akavua shati njiani. Lakini Rachael aliona kwamba mama hali, anageuzageuza tonge tu, na jicho lake linakwenda ushorobani na kurudi.

*

Asubuhi Rachael alimkuta kwenye kiti cha sebuleni, amevaa kama alivyokuja, lesso imefungwa, mikono magotini.

"Mama! Hukulala?"

"Nilikuwa naomba, mama Maurine. Nyumba mpya inataka maombi."

Asubuhi ya pili alikuwa palepale. Ya tatu pia. Mchana usingizi ulimshinda akalala verandani juu ya gunia, jua la saa nane usoni, mdomo wazi, na watu wakipita barabarani wakitazama. Jirani mmoja alimuuliza Phanuel dukani, kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko tusi, "Mama yako anakunywanga?"

Phanuel alilipa, akatoka. Jioni alimkalia mama mbele.

"Mama, kitanda kina shida gani?"

"Hakina shida."

"Godoro ni gumu?"

"Wewe, godoro gumu na hata sijalikalia?"

"Basi ni nini? Niambie. Kuna mtu amekukosea hapa? Ni Rachael?"

"Usimtaje mwana wa watu," mama alisema upesi. "Rachael ni binti yangu. Hana baya."

Rachael alikuwa jikoni, sahani mkononi, na mlango wazi. Alijua. Alijua tangu ile siku ya funguo. Kwa watu wao, mama halali chini ya bati moja na mwanawe aliyeoa na mkaza mwana. Kula pamoja ni sawa, kucheka ni sawa, lakini jua likizama kila nyumba ya ndoa ina mambo yake, na mzazi hana masikio ya kusikia mambo hayo. Ni aibu isiyokuwa na jina. Mama hawezi kuitaja kwa mwanawe, maana ni kutaja kitanda chake. Mke hawezi kuitaja kwa mumewe mbele ya mamake, maana ni kitanda chake pia. Na Phanuel, aliyelelewa bweni la shule na baadaye vyumba vya kupanga vya mjini, aliyeokoka na kufundishwa kwamba mambo ya kale yamepita, alikuwa ameisahau kama mtu anavyosahau lugha asiyoongea.

Siku moja mama aliondoka asubuhi kwenda Malava kumwona bintiye Dinah. Phanuel akafurahi, akidhani atapumzika huko siku kadhaa. Jioni alirudi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mbona hukulala kwa Dinah?"

Mama alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni. "Kwa mkwe wangu? Nilale kwa mume wa binti yangu? Phanuel, wewe umekula nini?"

Hapo angeelewa. Neno lilikuwa limemfikia mkononi kabisa. Lakini alikuwa amechoka, na mashine ya ofisi ya elimu ilikuwa imekatika mkanda siku hiyo, akaliacha likapita.

*

Badala yake alimleta mchungaji. Mchungaji alikuwa kijana kutoka Ukambani, mwenye moyo mwema na viatu vinavyong'aa, hajamaliza mwaka Kakamega. Alikunywa chai vikombe viwili, akahubiri juu ya kuogopa nyumba ngeni, halafu akaeleza vizuri sana jinsi watakatifu watakavyokaa pamoja mbinguni katika nyumba moja ya Baba.

Mama Milcah alisikiliza kwa heshima, mikono imekunjwa.

"Mchungaji, naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Huko mbinguni, hiyo nyumba, mlango ni mmoja au kila mtu ana wake?"

Mchungaji alicheka. Akaona mama hacheki, akaacha. "Kwa kweli, mama, hilo sijasoma."

"Ukisoma uniambie."

Wakaomba. Mama akasema amina kwa sauti kuliko wote. Mchungaji alipoondoka, Phanuel akimsindikiza, mama alichukua blanketi lake, kigoda chake na kikapu cha kuku, akapita lango, akageuka kona, akabisha kwenye kile chumba cha mwisho cha vyumba vya kupanga vya jirani. Hapo alikaa Jepkemboi, mjane wa Kinandi aliyeuza maziwa ya mgando kwa kibuyu. Walikuwa wamesalimiana kupitia ua kwa siku chache tu.

"Dada," mama alisema, "nipe kona."

Jepkemboi hakuuliza. Alihamisha vibuyu vyake, akatandika ngozi ya ng'ombe sakafuni. Chumba kilikuwa cha udongo, kimepasuka, na bati lake lilikuwa la watu wengine wasiomhusu. Mama Milcah alilala mpaka jua likawa juu. Jepkemboi alisema baadaye kwamba alikoroma kama trekta la miwa.

*

Mambo ya mtaa huenda mferejini kabla hayajaenda kanisani. Foleni ya maji ilikuwa ndefu Rachael alipofika na mitungi yake, na wanawake wakamfungulia njia kwa adabu ya kupita kiasi.

"Pita, mama mwenye nyumba. Sisi ni wapangaji tu."

"Ee, apite. Nyumba kubwa inataka maji mengi."

"Kubwa ya nini, Beldina, kama haitoshi mwanamke mmoja mzee?"

Wakacheka chini kwa chini. Huyo Beldina, aliyekuwa na ulimi kama wembe wa kinyozi, hakuachia hapo. "Sisi tunaokaa chumba kimoja huwa tunakaa na mama zetu. Tunagawa kwa pazia. Lakini ukipata mawe, unamtoa mama anaenda kulala na vibuyu vya maziwa. Jameni, pesa ni shetani."

Rachael alijaza mtungi mmoja, akaacha mingine. Angeweza kuwaambia. Nusu yao walikuwa wa kwao na walijua mwiko kama yeye. Lakini utamu wa kumsema mwenye nyumba ulikuwa umewazidi, na yeye, kwa aibu ile ile, aliuinua mtungi wake akaondoka.

Alimkuta Phanuel nje, mikono kiunoni, analitazama bati.

"Unaangalia nini?"

"Naona kama kuna msumari umelegea pale."

"Phanuel." Alitua mtungi mpaka maji yakaruka. "Leo nitasema, na ukitaka kunipiga nipige. Mama yako hawezi kulala hapa kwa sababu sisi tunalala hapa. Mimi na wewe. Kitandani. Umeelewa sasa, au nikuchoree?"

Phanuel aligeuka, akaliacha bati.

"Bati ni moja. Kuta hazifiki juu. Ukigeuka kitandani anasikia. Ukinishika mkono anasikia. Wewe ungeweza kulala ukimsikia baba yako, Mungu amlaze, na mama?"

"Lakini yeye ni mtu wa kanisa..."

"Hata watu wa kanisa wana aibu!"

Phanuel alikaa chini kwenye ngazi, pale pale, na suruali yake ya kazi. Maneno ya Osiako yalimrudia yote, na jinsi alivyomwonea huruma mzee wa watu. Ikamrudia pia sura ya mama akipita na lesso usoni.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningesema nini? Mbona wewe hukujua?"

Phanuel aliinuka, akaenda kumtafuta fundi.

*

Fundi aliitwa, Kipchirchir, mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio. Alipanda juu, akapima kwa kamba, akashuka akipangusa mikono.

"Inawezekana. Ule mlango wa ndani naziba kwa matofali. Natoboa mlango mwingine nyuma, pale kwa kamba ya nguo. Halafu bati nalikata hapa." Akachora hewani kutoka mwanzo wa paa hadi mwisho. "Naacha nafasi ya kiganja, nainua ukuta mpaka utokeze katikati. Hiyo sasa ni nyumba mbili. Mama ana bati lake."

"Kulikata?"

"Utaigawa vipi bila kukata?"

"Itavuja?"

"Nitaweka mfereji wa bati pale katikati. Itavuja kidogo, siwezi kukudanganya. Na haitapendeza. Siku ukitaka kuiuza mtu atakuuliza, hii nyumba iligongwa na lori?" Fundi alicheka, akaona anacheka peke yake. "Lakini mama atalala, mwalimu. Si ndiyo unataka?"

Alimwita mwalimu kwa heshima tu. Phanuel aliinua macho. Bati lilikuwa limetulia pale juu, rangi ya udongo, bila mshono wala kiraka. Maisha yake yote ya kupanga alikuwa ameliota bati kama hilo. Alijiona akisimama barabarani na watu wakiuliza nani aliipasua nyumba ile nzuri.

"Tungoje mvua zipite," alisema.

Rachael alikuwa mlangoni. Alirudi ndani, na cherehani yake ya nyumbani ikaanza kulia kwa kasi, kwa kasi mno.

Mvua zilipita. Phanuel akasema tungoje rangi ipatikane inayofanana. Baadaye akasema Kipchirchir ana kazi nyingi. Kila jioni alipita kwa Jepkemboi na mkate au sukari, akasimama nje ya mlango wa vyumba vya kupanga, yeye mwenye nyumba, kumjulia hali mamake aliyepangishwa bure na muuza maziwa. Mama hakuwahi kulalamika. Alimuuliza habari za watoto, za mashine, na kama ule msumari wa bati umeshapigiliwa.

Mwisho wake uliletwa na mwenye vile vyumba. Alikuja kukagua, akakuta watu wawili katika chumba cha mmoja, akasimama uani akapaza sauti ili wote wasikie, "Jepkemboi, huyu bibi ni nani? Mamake Phanuel? Huyu wa nyumba ya mawe hapa? Sasa mama wa landilodi mwenzangu anijazie choo changu bure?"

Watu wakacheka. Mama Milcah alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mrenda. Aliendelea kuchambua mpaka jani la mwisho, akampa Jepkemboi sufuria, akakunja blanketi lake.

"Dada, umenilaza vizuri," alisema. "Kuku nakuachia. Amekuzoea."

*

Phanuel alipata habari jioni kwamba mama amepanda gari kurudi Musanda, na kwa mara ya kwanza hakulitazama bati. Alikwenda moja kwa moja kwa Kipchirchir akamkuta anakula, akamwambia, "Kesho nikirudi na mama, njoo na msumeno. Kata." Alfajiri akashika njia ya Musanda kumrudisha mama.

Njia ya kwenda kaburini ilikuwa imemezwa na miwa. Majani yaliikwaruza mikono yake, na mara mbili alidhani amepotea katika shamba alilochungia ng'ombe utotoni. Kisha akasikia sauti za wanawake, na kicheko, akatokea kwenye ule ua wa minyaa.

Kando ya kaburi la babake, pale palipobaki, wanawake wa kikundi cha wajane cha kanisa walikuwa wamekata nyasi. Fito zilikuwa zimelundikwa, na udongo ulikuwa umekandwa tayari. Mama Milcah alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mgongo wake kwenye msalaba wa mzee, anasuka kamba.

"Umefika," alisema.

"Mama, twende nyumbani. Nimekubali. Fundi anakata bati leo. Utakuwa na mlango wako, bati lako, kila kitu chako."

Kamba haikusimama mikononi mwake. "Leo?"

"Leo, mama."

"Alikuwa anaweza kukata tangu lini?"

Wanawake waligeuka, wakajishughulisha na fito.

"Mwambie asikate," mama alisema polepole. Hakuwa na hasira. "Nilikaa kwa yule dada kila jioni nikisikiliza kama nyundo italia. Nilikuwa nimejiambia, ikilia hata mara moja, narudi. Haikulia. Sasa ukiikata, papa, kila mvua ikivuja utasema ni mama. Hutasema kwa mdomo. Lakini utasema. Acha nyumba yako iwe nzima."

"Hapa utakaa na nani? Ni miwa tupu!"

"Nitakaa na baba yako. Huyu hakuwahi kuniuliza godoro lina shida gani." Wanawake wakacheka, naye mama akacheka kidogo, halafu uso ukamrudia. "Tungekuwa tumeshaanza kusimamisha. Lakini shimo la nguzo ya kwanza ya nyumba ya mjane linachimbwa na mwanawe. Hawa wakichimba, ni kusema sina mtoto. Tukakungoja."

Jembe lilikuwa limelazwa pale chini, mpini umeelekezwa kwake.

Phanuel alivua koti. Viatu vyake vilikuwa vile vya ofisini, vyenye kamba nyembamba. Akijua kwamba akichimba atakuwa amemtoa mamake Shieywe kwa mikono yake mwenyewe, na asipochimba atakuwa amemlaza nje, aliinama akachimba. Udongo wa Musanda ni laini. Shimo lilikwisha upesi, upesi kuliko alivyotaka.

*

Kile kitanda hakikuingia kwenye mlango wa nyumba ile ya udongo. Phanuel alikipeleka kwa gari la kukodi, akakigeuza huku na huku, akakirudisha. Mama alibaki na godoro tu. Jumapili moja moja Phanuel huenda kumwona na nyundo, akaziba hapa na pale, na jua likianza kushuka mama humwambia, "Nenda, papa, gari zitaisha," kwa maana mwana aliyeoa naye haruhusiwi kulala katika nyumba ya mamake.

Mwaka uliofuata taipureta zilipungua. Ofisi moja baada ya nyingine ilileta kompyuta, na Rachael akasema chumba kile kisikae bure. Wakampangisha binti mmoja wa Lugari, Cherop, aliyekuja kusomea uuguzi. Alikuja na sanduku moja na radio ndogo. Wakampa kitanda cha saiprasi na godoro jingine.

Asubuhi ya kwanza Cherop alitoka ushorobani akijinyoosha, akapita mlango wa chumba chao bila kujifunika uso, akaketi mezani.

"Umelala?" Rachael alimuuliza.

"Nimelala vizuri sana, mama. Kitanda kizuri! Ni cha nani hiki?"

Rachael alimmiminia chai. Phanuel alikuwa na kikombe mkononi, kimefika nusu ya njia ya mdomo. Alikirudisha mezani, akatoka nje, na Cherop akamwona kupitia dirishani amesimama uani, mikono haiko kiunoni, ameinamisha kichwa, mgongo wake kwa nyumba.

"Nimesema vibaya?" Cherop aliuliza.

"Hapana," Rachael alisema. "Kunywa chai."